Tusiwafungie Watoto Mbingu

Katika sharika zetu kumezuka fundisho ambalo halimo katika Biblia wala katika Katekisimo, nalo linaenea upesi kwa sababu linafanana na utakatifu. Fundisho lenyewe ni hili: mtoto wa Kikristo asisome hadithi za kubuni, hasa zile za vyombo vya angani, sayari za mbali, roboti na viumbe wa ajabu. Tumelisikia likitolewa katika semina za malezi, katika mikesha ya maombi, na hata mbele ya watoto wa shule ya Jumapili. Kitabu kikiwa na picha ya kiumbe mwenye macho matatu kinaitwa mlango wa mapepo. Mtoto anaambiwa akitupe, na mzazi anapongezwa kwa kuilinda nyumba yake.

Sisi tunaofundisha theolojia chuoni na kuhubiri Jumapili katika sharika hizo hizo tunasema wazi: fundisho hili ni potofu. Halimlindi mtoto. Linamfundisha kuogopa kile ambacho Mungu amekiumba, na linamfundisha kwamba kanisa ni mahali ambapo maswali yanafia. Mtoto huyo hataacha kuuliza. Ataacha kutuuliza sisi.

Tunazungumzia riwaya za kisayansi wanazoandikiwa watoto wa miaka 8 hadi 12 hivi, yaani wale wa darasa la tatu hadi la saba. Ndani yake mtoto mwenzao anasafiri kwenda mwezini, au anamtafuta baba aliyepotea katika sayari nyingine, au anajikuta katika mji unaotawaliwa na mashine. Tuzipime hoja za wanaozikataa moja baada ya nyingine, kama Mtume alivyowaagiza Wathesalonike kujaribu mambo yote na kulishika lililo jema.

Hoja ya kwanza: "Hadithi hizo ni uongo"

Wanasema: mambo hayo hayakutokea, kwa hiyo ni uongo, na Amri ya Nane inakataza uongo. Lakini amri hiyo inakataza kumshuhudia jirani uongo. Martin Luther, alipoieleza katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, alizungumza juu ya kumsaliti jirani, kumsingizia na kumharibia jina. Mwongo hutaka umwamini ili akudhuru. Msimulizi wa hadithi hamdanganyi mtu, kwa sababu wote wawili, yeye na msikilizaji, wanajua kinachofanyika. Bibi zetu walipoanza kwa "Paukwa!" nasi tukaitika "Pakawa!", hakuna aliyedhani anasomewa taarifa ya habari. Mwitikio huo ulikuwa mlango, na kila mtoto alijua anaingia wapi.

Nabii Nathani alipotumwa kwa mfalme Daudi hakuanza na hotuba. Alimsimulia habari ya tajiri aliyechukua mwanakondoo mmoja wa maskini. Tajiri huyo hakuwapo, wala mwanakondoo hakuwapo, lakini kwa hadithi hiyo mfalme alijihukumu kwa kinywa chake mwenyewe. Yothamu, katika kitabu cha Waamuzi sura ya 9, aliwasimulia watu wa Shekemu jinsi miti ilivyokwenda kujitafutia mfalme. Miti haitembei, na kila aliyemsikiliza alilijua hilo. Na Bwana wetu Yesu aliposimulia habari ya Msamaria mwema, hakuna aliyeuliza jina la mwenye nyumba ya wageni ili aende kuhakikisha. Kama kubuni hadithi ni dhambi, tutaifanyaje mifano ya Injili?

Luther mwenyewe alizipenda hadithi za Esopo, zile za mbwamwitu na mwanakondoo, simba na panya. Mwaka 1530, wakati mustakabali wa Matengenezo yote ulipokuwa ukijadiliwa Augsburg, yeye alikuwa katika ngome ya Coburg. Kati ya kazi alizozifanya huko, pamoja na tafsiri ya manabii, ilikuwa kuzitafsiri upya baadhi ya hadithi hizo kwa Kijerumani ili vijana na watu wa nyumbani wazisome. Mtu aliyekuwa na vita kubwa kiasi hicho hakuona kwamba mwanakondoo anayezungumza anapoteza wakati wa Injili. Basi anayewakataza watoto hadithi kwa jina la Ulutheri atuonyeshe Luther anayemsoma yeye.

Hoja ya pili: "Hadithi hizo ni uchawi"

Hoja hii ndiyo inayowatisha wazazi zaidi, nayo si ngeni duniani. Mwaka 1962 mwandishi wa Marekani, Madeleine L'Engle, alitoa riwaya ya watoto inayoitwa A Wrinkle in Time. Mwaka uliofuata ikapata nishani ya Newbery, tuzo kubwa ya vitabu vya watoto nchini humo. Inamhusu msichana Meg Murry, ambaye baba yake, mwanasayansi, ametoweka. Meg, mdogo wake Charles Wallace na rafiki yao Calvin wanavuka anga kumtafuta, wakiongozwa na kina mama watatu wa ajabu. L'Engle alikuwa Mkristo wa Kanisa la Episkopali, na kwa miaka mingi alihudumu katika maktaba ya kanisa kuu lao jijini New York. Hata hivyo riwaya yake imo katika orodha ya Chama cha Maktaba cha Marekani ya vitabu 100 vilivyolalamikiwa zaidi kati ya mwaka 1990 na 1999. Wengi wa waliolalamika walikuwa Wakristo. Walisema wale kina mama ni wachawi, na kwamba kuna mahali mtu anatazama ndani ya tufe la kioo kama mpiga ramli.

Tumwombe mlalamikaji asome kitabu hadi mwisho. Kina mama hao si wachawi: mmoja wao alikuwa nyota iliyojitoa ili kupigana na giza. Katika sayari ya Urieli viumbe wanaimba, na wimbo wao unatoka katika Isaya 42. Meg anapotumwa peke yake kwenye pambano la mwisho, maneno anayopewa yanatoka katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho sura ya 1, pale Mtume anaposema kwamba Mungu ameyachagua yaliyo dhaifu ili ayaaibishe yenye nguvu. Kabla ya hapo alikwisha kupewa zawadi ya ajabu: kasoro zake mwenyewe. Msichana mkaidi, mwenye hasira za haraka, anayedharauliwa shuleni, anajifunza kwamba udhaifu wake unaweza kuwa na kazi. Mshirika aliyewahi kusikia mahubiri juu ya mwiba wa Paulo mwilini ataitambua habari hii mara moja.

Kuna lalamiko moja ambalo tunalipa haki yake. Kitabu hicho kinawataja waliopigana na giza duniani. Yesu anatajwa kwanza, kisha wanafuata wachoraji, wanamuziki, wanasayansi, na hata Gandhi na Buddha. Mlalamikaji anasema Kristo hawezi kuwa mmoja katika orodha, na hapo anasema kweli: Yohana 1 inamtaja Kristo kuwa nuru yenyewe. Lakini tazameni nafasi iliyofunguka hapo. Mzazi anayesoma na mtoto wake akifika katika ukurasa huo anaweza kuuliza, "Mwanangu, je, Yesu ni mmoja wa hao, au wote hao wameazima mwanga kwake?" Swali hilo moja ni somo zima la Kipaimara. Aliyekitupa kitabu amelitupa na swali.

Na sisi Walutheri tuna sababu ya pekee ya kuogopa neno "uchawi" linapotamkwa kwa wepesi. Mmoja wa waandishi wa kwanza kabisa wa riwaya za kisayansi alikuwa wa kwetu. Johannes Kepler, aliyezaliwa mwaka 1571, alisoma theolojia Tübingen kwa nia ya kuwa mchungaji, kisha mwaka 1594 akapelekwa kufundisha hisabati huko Graz. Ndiye aliyetambua kwamba sayari hulizunguka jua katika njia ya duaradufu. Huyu aliandika pia hadithi ya safari ya mwezini, Somnium, yaani Ndoto, iliyochapishwa mwaka 1634, miaka minne baada ya kifo chake. Ndani yake yumo kijana ambaye mama yake anajua kumwita roho wa kusimulia habari za mwezini.

Mwaka 1615 mama mzazi wa Kepler, Katharina, alishtakiwa kwa uchawi. Mji wake ulikuwa wa Walutheri. Walioshtaki, walioshuhudia na waliohukumu walikuwa watu wa ibada. Mwaka 1620 alikamatwa, akafungwa minyororo akiwa mzee wa zaidi ya miaka 70, na baadaye akaonyeshwa vyombo vya mateso ili akiri. Hakukiri. Mwanawe aliacha shughuli zake akamtetea, na mwaka 1621 akaachiwa. Hakuishi muda mrefu. Alifariki mwaka uliofuata. Kepler alishuku kwamba minong'ono juu ya ile hadithi yake ilichangia kumponza mama yake.

Wapendwa, hayo si mambo ya Ujerumani ya kale peke yake. Kanda ya Ziwa hapa Tanzania, wanawake wazee wameuawa kwa mapanga kwa sababu macho yao yamekuwa mekundu, macho yaliyochomwa na moshi wa kuni katika jiko walilopikia watoto na wajukuu. Mtoto tunayemfundisha kuona shetani katika kila picha asiyoielewa, kesho atamwona wapi? Anayefundishwa kwamba kila kigeni ni pepo, akikua atakuwa na mikono na sauti, na jirani yake atakuwa na macho mekundu. Hili ndilo lililo hatarini. Ushirikina hauondolewi kwa kuupa jina la Kikristo.

Hoja ya tatu: "Sayansi itamtoa mtoto kwa Mungu"

Zaburi ya 8 iliandikwa na mtu aliyeinua macho usiku akaona mwezi na nyota, akajiuliza mwanadamu ni nani hata Mungu amkumbuke. Katika Ayubu 38 Bwana mwenyewe anamuuliza mtumishi wake kama anaweza kuifunga Kilimia au kulegeza vifungo vya Orioni. Imani yetu haijawahi kuishi ndani ya chumba kisicho na dirisha.

Watoto watauliza. Wataona katika riwaya viumbe wa sayari nyingine, kisha watamuuliza mwalimu wa shule ya Jumapili, "Je, Yesu aliwafia na hao?" Mwalimu asiyejiandaa atamwambia mtoto akae chini. C. S. Lewis, Mwanglikana wa Uingereza, alilichukua swali hilo hilo kwa uzito wote mwaka 1938 katika riwaya yake Out of the Silent Planet, inayompeleka mtu Mirihi na kumkutanisha na viumbe ambao hawajaanguka dhambini. Riwaya hiyo ni ya watu wazima, lakini swali ni la mtoto, na jibu lina pa kuanzia. Wakolosai 1 inasema vitu vyote, vya mbinguni na vya duniani, viliumbwa katika Kristo na kwa ajili yake, na kwamba kwa yeye Mungu amependa kuvipatanisha vitu vyote na nafsi yake. Hatujui kama kuna viumbe huko. Tunajua kwamba hakuna mahali wanapoweza kuwapo ambapo Kristo si Bwana. Jibu hilo halimzimi mtoto, linamtuma akatazame tena nyota.

Na mbingu hizo si mali ya wageni. Tarehe 12 Desemba 1970, katika jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa kazi ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka nyota za mbali. Ilirushwa siku ya uhuru wa Kenya, ikapewa jina la Uhuru. Neno la Kiswahili liliandikwa katika historia ya elimu ya nyota kutoka pwani yetu wenyewe. Ni watoto wetu wangapi wanaolijua jambo hilo?

Hoja ya nne: "Zinapoteza muda wa masomo"

Hii haihitaji maneno mengi. Wazazi wanaomnyang'anya mtoto riwaya saa mbili usiku ndio hao hao tunaowaona wakimpa simu saa mbili na nusu ili atulie. Mtoto anayesoma kurasa 150 kwa hiari yake anajifunza kusoma, kusubiri, na kukaa ndani ya moyo wa mtu mwingine. Mwalimu yeyote atawaambia mtihani unadai yote hayo.

Hatari iliyo ya kweli

Hatusemi kila riwaya ya aina hii ni njema. Ziko zinazohubiri kwamba mashine itamwokoa mwanadamu, na ziko ambamo mwenye silaha kubwa ndiye mwenye haki. Ziko pia zinazotudharau. Jules Verne, Mfaransa, alianza umaarufu wake mwaka 1863 kwa riwaya ya Waingereza watatu wanaovuka Afrika kwa puto, nao wanaanzia Zanzibar. Wakifika Kaze, yaani Tabora ya leo, wenyeji wanalidhania puto kuwa ni mwezi na wasafiri kuwa watoto wa mwezi, mpaka mwezi wa kweli unapochomoza na wageni wanalazimika kukimbia. Ndivyo tulivyoingia katika fasihi hii: nchi yetu ikiwa mandhari, na watu wetu wakiwa kichekesho.

Anayetaka kupiga vita riwaya za kisayansi apigane hapo, tutakuwa pamoja naye. Lakini kukataza hakuwezi kushinda vita hiyo. Tukiwakataza watoto wetu kusafiri kwa mawazo, wengine hawataacha kusafiri. Wataendelea kupita juu yetu kwa maputo yao na kuandika walichodhani wamekiona. Dawa ya hadithi mbovu ni hadithi njema zaidi. Mkenya Katama Mkangi alilionyesha hilo mwaka 1995 katika Walenisi, riwaya ya Kiswahili ambayo shujaa wake anarushwa kwa chombo cha anga ili afe, naye anafika katika nchi ya haki. Nnedi Okorafor, Mmarekani ambaye wazazi wake ni Wanigeria, alipoandika mwaka 2015 habari za msichana Mwafrika anayekwenda kusoma katika chuo kikuu kilicho sayari nyingine, alimwita Binti. Jina hilo tunaliita kila siku uani kwetu.

Tufanye nini

Mwaka 1524 Luther aliwaandikia madiwani wa miji yote ya Ujerumani akiwataka waanzishe shule za Kikristo, na mwishoni akawasihi wasibane fedha katika kujenga maktaba. Tunaomba jambo dogo kuliko hilo: kabati moja lenye kufuli katika kila usharika, na mtu mmoja wa kuazimisha vitabu baada ya ibada ya watoto. Mzazi mmoja au mzee wa kanisa akisome kitabu kwanza, kisha akisome pamoja na watoto, na awaulize: nani amependa, nani amejitoa, giza limeshindwa kwa nini? Vyombo vya uchapaji vya kanisa, vilivyotupa nyimbo na Katekisimo kwa Kiswahili, vituchapie pia hadithi za watoto wetu wakivuka anga kwa Kiswahili. Na mwinjilisti anayesimama kukataza kitabu aulizwe kwanza, kwa upole na heshima, kama amekisoma.

Katika ile riwaya ya Meg kuna sayari ya Kamazotzi. Huko watoto wote wanadundisha mipira kwa mpigo mmoja mbele ya nyumba zinazofanana, na bongo moja kubwa linawafikiria wote. Mtoto mmoja anakosea mdundo, na mama yake anaingiwa na hofu kuu. Utulivu huo unaweza kumvutia mzazi aliyechoka, hata mchungaji. Lakini lile bongo linashindwa na kitu kimoja ambacho halina: upendo wa Meg kwa mdogo wake. Kristo hakuwaita watoto waje kwake ili wadunde kwa mpigo mmoja. Aliwaita waje, na akachukizwa na wanafunzi waliowazuia.

Basi mtoto wako akija jioni na kitabu chenye sayari juu ya jalada, mwambie akae karibu, mwanzeni sura ya kwanza. Umeme ukikatika kabla hamjaimaliza, tokeni nje mkatazame juu, na umsomee Zaburi ya 8 kwa kichwa.